Kicheko cha Bibi Nungu

4 Februari

Kwako Mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na mbishi kama tulivyokuzoea. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama bado linamsumbua. Daktari amemkataza kupanda ngazi, kwa hiyo sasa anazipanda kwa siri. Anakusalimu, na anasema ndugu anayeandika mara moja kwa mwaka si ndugu tena, ni mpangaji wa zamani.

Mimi bado nasaga vioo kwenye duka la miwani. Wiki iliyopita mteja alirudisha miwani yake akilalamika kwamba sasa anamwona mumewe vizuri mno. Tulimwambia hilo halipo kwenye dhamana.

Ningekupigia simu kama watu wengine wanavyofanya, ila jibu lako nalijua. Utasema simu inaifanya sauti ya mtu itoke kama imefungiwa kwenye kopo, na kwamba sikio lililokulisha miaka thelathini huliharibu kwa salamu. Haya, nimeshika kalamu.

Mjomba, kaa vizuri kwenye kiti. Treni inarudi.

Ni miaka kumi na moja sasa tangu Studio waikatize katuni ya Treni ya Bibi Nungu bila hata kuaga. Wewe ulikuwa ndani ya Studio, sisi tulikuwa mbele ya televisheni. Nungunungu wetu aliiingiza treni handakini, wanyama wote wakashika viti, kioo kikawa cheusi. Wiki iliyofuata, saa ile ile, tukaonyeshwa namna ya kufua mashuka. Tangu siku hiyo sisi tuliokataa kusahau tunajiita Abiria, na mwenyekiti wao ni mpwa wako. Usicheke. Si watoto. Yupo mlinzi wa benki, yupo daktari wa meno, yupo bibi mwenye wajukuu wanne ambaye ana hasira kutuzidi sote.

Studio wametujibu. Watatengeneza vipindi sita vipya, kwa sharti moja: sauti ziwe zile zile za zamani, maana wanajua watu watazitambua. Na wao hawanazo. Walipohama jengo walilisafisha ghala lao, hawakubakiza hata mlio wa filimbi. Wametupa muda mpaka mwisho wa Oktoba.

Fundi wa sauti wa treni ile alikuwa nani kama si wewe? Mama anasema ulipoacha kazi ulitoka umebeba kreti la kanda. Niambie tu kwamba lipo.

Mpwa wako,
Chiriku


2 Machi

Chiriku,

Barua yako imefika ikiwa imelowa upande mmoja, lakini maneno yako ni mengi kiasi kwamba yaliyofutika hayakunipunguzia kitu. Mimi ni mzima. Bomba la jikoni linavuja kwa mapigo matatu, kisha linapumzika, kisha moja. Fundi bomba amekuja mara mbili na anasema hasikii kitu. Nimemwambia kazi ya bomba bila masikio ni sawa na mapishi bila ulimi.

Mwambie dada yangu nimezipokea salamu na matusi yake. Na hizo ngazi azipande polepole.

Kuhusu hiyo treni, yaliyopita si ndwele. Kreti alilolisema mama yako lilikuwa na vyombo vya jikoni. Mkazamjomba wako alikuwa na sufuria nyingi, Mungu amrehemu.

Nawasifu wenzako kwa subira. Miaka kumi na moja ni mingi. Wapo watu wengine waliokusubiri wewe, na hawakuweza kusubiri hata siku mbili zaidi. Lakini hayo tuyaache.

Kula vizuri.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Salamu kutoka huku, tuko salama. Mama amecheka sana kwa hizo sufuria. Anasema mkazamjomba alikuwa nazo mbili tu, na moja haikuwa na mfuniko.

Ile sentensi yako ya siku mbili nimeisoma. Nimeielewa. Sina la kujibu leo.

Habari yangu ni hii. Nimempata yule mama aliyemwigiza Bibi Nungu. Siku hizi anaita majina ya wagonjwa kwenye spika ya hospitali, na wagonjwa wanasema wakiitwa na yeye wanapona nusu. Amekubali kurudi. Ila aliniambia jambo ambalo sijalala vizuri tangu nilisikie. Alisema, "Maneno yote ni yangu, lakini kicheko si changu. Sijawahi kucheka hata mara moja. Nilikuwa nanyamaza, halafu mjomba wako anakiweka chake."

Mjomba, kicheko kile ndicho treni yenyewe. Mlinzi wa benki amekiweka kiwe mlio wa simu yake. Mimi nilipofeli mtihani wa kwanza wa ufundi, nilikaa chini nikakisikiliza mpaka nikasimama. Nani alikuwa akicheka? Yuko wapi? Tutampata?

Usinikasirikie kwa hili linalofuata. Kwa furaha niliyokuwa nayo nimeshawaandikia Studio kwamba kreti liko kwako na kwamba wewe si mtu wa kunyima. Anwani yako nimewapa.

Chiriku


28 Aprili

Chiriku,

Salamu kwa mama yako.

Jumanne walikuja watu wawili wamevaa viatu vipya. Kimoja kilikuwa kinalia. Niliwaambia hapa hakuna kreti. Yule mrefu akachungulia juu ya bega langu, akaliona kreti, kwa sababu ni kubwa na liko sebuleni, limefunikwa kitambaa na juu yake kuna redio. Sikuwa nimejiandaa kusema uongo mkubwa kiasi hicho. Nikafunga mlango.

Jirani zangu wote wamenisikia nikifunga mlango, na mimi ni mtu niliyefunga milango taratibu maisha yangu yote.

Hatutangazi harusi kabla ya kumuuliza bwana harusi. Usiniandikie tena habari ya treni.

Mjomba wako


9 Mei

Mjomba wangu,

Nimekosa. Nilikimbilia kusema kabla ya kuuliza, na jina langu la utani ulinipa wewe mwenyewe kwa sababu hiyo hiyo. Samahani sana kwa wale watu na kwa mlango.

Ila sasa najua lipo. Na ukishajua kitu kipo huwezi kujifanya hujui. Sikuombi kreti zima. Nakuomba kicheko tu. Kanda moja. Wakishainakili nitakurudishia mwenyewe kwa mikono yangu.

Mama anakusalimu. Amenivuta sikio, kwa umri wangu huu, na kusema nikuache. Naona siwezi.

Chiriku


3 Julai

Mjomba,

Karibu miezi miwili hujajibu. Mama amempigia jirani yako, akaambiwa u mzima na bomba limetengenezwa. Nimeshukuru kwa yote mawili.

Leo siombi kitu. Leo nakulipa jibu la ile sentensi yako ya Machi.

Mkazamjomba alipofariki nilifika siku mbili baada ya maziko. Nilikuambia basi liliharibika njiani. Basi halikuharibika. Nilikuwa nje ya geti la Studio na Abiria wenzangu, na karatasi za saini kwenye mifuko ya plastiki kwa sababu ya mvua. Tulikuwa tumeapa tusitoke mpaka watupokee, na tukazima simu ili asipatikane wa kutubembeleza turudi nyumbani. Tulikaa siku tatu. Nilipoiwasha simu yangu nilikuta Mama amenipigia mara kumi na tisa.

Nilikuja kwako nikakuta mnarudisha viti vya watu. Ulinikaribisha, ukaniuliza kama nimekula. Mwanamke yule alinipokea kila likizo. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona kifungo na kumjibu mwalimu kwa adabu. Mimi sikumtupia hata konzi la udongo, kwa sababu ya katuni.

Sasa unajua kwa nini naing'ang'ania treni hii kama kupe. Isiporudi, basi nilimkosa kwa ajili ya kitu cha bure. Ikirudi, angalau nitajua nilikuwa nafuatilia kitu. Najua ni hesabu ya kijinga. Ndiyo niliyonayo.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niandikie tu habari za bomba.

Chiriku


11 Agosti

Chiriku, mwanangu,

Mimi ni mzima. Bomba limenyamaza na sasa silali vizuri, nilikuwa nimelizoea.

Basi halikuharibika, nilijua tangu siku ile. Ulipoingia nilisikiliza viatu vyako. Havikuwa viatu vya mtu aliyeshuka kusukuma basi. Nimekukasirikia miaka kumi, na barua yako imenionyesha kwa nini. Kukukasirikia wewe kulikuwa rahisi kuliko kumkasirikia niliyetakiwa kumkasirikia.

Uliuliza nani alikuwa akicheka. Alikuwa mkazamjomba wako.

Siku za kwanza za kazi ile aliniletea chakula cha mchana. Akafungua mlango akanikuta nimevaa soksi mbili zilizojaa unga mikononi, nazitembeza juu ya meza, namwigiza kiboko aliyevaa viatu vya kubana. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Maikrofoni ilikuwa wazi. Nilipoisikiliza kanda nilijua nungunungu wetu amepata kicheko. Tangu hapo kila Alhamisi alikuja, na kazi yangu kubwa ya wiki ikawa ni kutafuta cha kumchekesha. Aliniapisha nisimwambie mtu. "Wakijua mimi ndiye nungunungu," alisema, "nitapita wapi sokoni?" Kanda nilikuwa naizungusha haraka kidogo kuliko kawaida, sauti ikapanda. Ndiyo maana hata wewe uliyekua ndani ya kicheko hicho hukukitambua.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili sijamwambia mtu, hata mama yako.

Msimu wa mwisho, kicheko chake kilianza kuishia na kikohozi. Kidogo, kikavu, kama mtu anayegonga mlango na kuondoka. Wenzangu wote walikuwa wamehamia kwenye kompyuta. Mimi nilibaki na kanda, wembe na gundi ya karatasi. Na sikio la kazi yangu halisikilizi kama sikio la mtu. Linawinda uchafu. Likisikia feni ya chumba cha tatu, mkono unakwenda kwenye wembe wenyewe. Kwa hiyo kila nilipokisikia kikohozi kile nilikikata. Nilikata, nikaunganisha, nikaendelea. Msimu mzima. Mkurugenzi alinisifu mbele ya watu kwamba hakuna fundi mwenye kazi safi kama yangu.

Nyumbani kikohozi kikimjia alikuwa akitoka kwenda uani, asinisumbue nikiwa na hedifoni kichwani. Lakini kazini nilimsikia. Nilimsikia miezi minane kabla ya daktari. Nilikuwa mtu wa kwanza duniani kusikia ugonjwa uliomuua mke wangu, na nikausafisha.

Daktari aliniuliza, "Kikohozi kilianza lini?" Nikasema sijui. Nilijua mpaka tarehe. Imeandikwa kwa mkono wangu kwenye kasha la kanda.

Kwenye kreti kuna kanda za vicheko, na kuna kopo la biskuti lenye vile vipande nilivyokata. Sikuvitupa. Fundi hatupi kitu, na kwa hili sijui kama ni ufundi. Studio wakipata kanda hizo, atakaa mtu mwingine mwenye wembe wake na kumsafisha mke wangu upya. Ndicho ninachokataa. Nilikuwa nakataa bila kukuambia, nikakuacha uone mjomba wako ni mchoyo.

Siku mbili zako nimezisamehe. Zilikuwa siku mbili tu.

Mjomba wako


27 Agosti

Mjomba wangu mpenzi,

Barua yako niliisomea kazini, na kioo cha mteja kikaharibika mikononi mwangu. Bosi aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ndiyo, wa miaka kumi iliyopita, nimefiwa leo.

Nimelia sana. Nimelia kwa ajili yake, halafu nikalia kwa ajili yako ukikaa peke yako na kopo hilo la biskuti.

Sitakuambia huna kosa, maana utasema chiriku anabwabwaja. Nitakuambia la kwangu. Mimi siku nzima kazi yangu ni macho ya watu. Mwaka juzi Mama alikuwa akinimiminia chai nje ya kikombe, na mimi nikimgombeza kwamba ana haraka. Nilimgombeza karibu mwaka mzima. Alikuwa na mtoto wa jicho, Mjomba. Aliyegundua ni muuza magazeti, alipomwona anasoma gazeti limegeuzwa. Mimi, fundi wa miwani, nilikuwa nafuta meza. Mama yangu alitibiwa akapona na mkazamjomba hakupona, na hiyo si haki. Lakini uzembe wangu na wako ni ndugu wa tumbo moja. Tuliwapenda, na tulikuwa kazini.

Nimewaita Abiria Jumapili. Nimewaambia kanda hazitaombwa tena, ni mambo ya familia. Bibi wa wajukuu wanne alitaka kusema kitu akameza. Mwishowe mlinzi wa benki akasema, "Basi. Handakini tumeshazoea, hatutakufa tukibaki." Nimewaandikia Studio waliondoe jina lako.

Nitakuja mwezi wa kumi, kama utanipokea. Sitagusa kreti. Nataka kwenda kaburini nawe, kisha nikae tu, tuongee habari zake mpaka tuchoke.

Mpwa wako,
Chiriku


14 Novemba

Chiriku,

Mimi ni mzima, na nyumba imekuwa kimya tangu ulipoondoka. Kimya cha kawaida, si kile cha zamani. Mwambie mama yako ile sufuria isiyo na mfuniko nimeipata, na ni kweli zilikuwa mbili.

Nina habari, na nimeichelewesha kwa makusudi, maana ungeitangaza kabla sijamaliza kuiandika.

Zile siku nne ulizokaa hapa ulilizunguka kreti kama watu wanavyomzunguka mgonjwa aliyelala. Hata redio uliiwasha kwa kidole kimoja. Ulipoondoka nilikaa nikafikiri. Nikafikiri hivi: siku ile tuliyokuwa tukimzika, wewe ulikuwa getini, kwenye mvua, unadai kicheko chake kirudi. Hukujua ni chake. Mimi niliyejua ndiye niliyekifunika kwa kitambaa. Hukumkosa kwa ajili ya kitu cha bure, mwanangu. Futa hesabu hiyo, haikuwa sahihi tangu mwanzo.

Basi siku ya mwisho ya Oktoba nilikodi gari, nikalipakia kreti na lile kopo, nikaenda Studio. Yule mwenye kiatu kinacholia ndiye aliyenifungulia. Nikawapa sharti langu. Kipindi cha kwanza kianze palepale kilipoishia, handakini, kioo cheusi, moshi umejaa. Abiria wasione kitu. Wasikie kwanza Bibi Nungu anacheka, na kicheko kiishie kwenye kikohozi, kizima, nilivyokirudisha mahali pake kwa mikono yangu, kwa tarehe za kasha, bila kuisikiliza kanda. Na asikohoe bure. Yule kobe wake mkata tiketi amsikie, amwambie, "Dereva, simamisha treni. Kifua hicho kikapimwe." Na isimame kweli. Abiria wote wamsubiri nje ya hospitali, na asiwepo hata mmoja wa kulalamika kwamba anachelewa.

Nilidhani watanifungulia mlango nitoke. Yule mama anayeita wagonjwa alikuwa amekuja kurekodi. Akasema kwa ile sauti yake, "Andikeni kama alivyosema." Wakaandika.

Treni yenu itatoka handakini mwezi wa pili. Sasa unaweza kutangaza.

Wiki iliyopita waliniita tuunganishe sauti. Hakuna tena wembe, kila kitu kiko kwenye kompyuta. Anayeiendesha ni mama mmoja wa makamo, fundi mzuri, ana masikio. Tulikaa bega kwa bega, hedifoni kichwani. Mke wangu akacheka. Sikuwa nimemsikia kwa miaka kumi. Chiriku, nilicheka naye, nikiwa na machozi mpaka kwenye kola. Halafu kikaja kikohozi, na nikaona mkono wa yule mama unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha kukata. Sikumlaumu, huo ni mkono wa kazi. Nikaushika.

"Kuna uchafu hapa mwishoni," akasema, "nausafisha tu."

Nikamwambia, "Usikate. Huyo mke wangu, anaumwa."

Mjomba wako